Banda Lilipokuwa Tupu



Wahenga walisema kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua halei, kwa kuwa wanawe huchukuliwa na mwewe. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na aghalabu husemwa kwa kicheko. Katika mwezi wa Ramadhani mmoja uliopita, sisi wa nyumba hii tuliisema bila kucheka. Tulikuwa tumesimama mbele ya banda la makuti ambalo wiki mbili kabla yake lilikuwa na kuku 46, na asubuhi ile walikuwa wamesalia wanne. Twaandika habari hii si kwa kutaka kuhurumiwa, kwani wako wenzetu waliofikwa na makubwa zaidi. Twaandika kwa kuwa msiba ule wa mali ulitufunza jambo kuhusu kumtegemea Mwenyezi Mungu (S.W.) ambalo tulidhani twalijua, kumbe tulikuwa tukilitamka kwa ulimi tu.

Akiba yenye mbawa

Sisi twaishi upande wa Msambweni, katika Kaunti ya Kwale. Baba wa nyumba ni mvuvi, na kila aliyezaliwa pwani ajua kwamba bahari ina majira yake. Kaskazi inapovuma maji hutulia na vyombo hutoka. Inapoingia kusi, kuanzia mwezi wa Aprili hivi, bahari huchafuka, na mwenye chombo kidogo huketi ufuoni siku nyingi akishona nyavu zake. Na ni wakati huo huo ambapo shule hufunguliwa kwa muhula wa pili, na karo hutakiwa.

Kuku wa kienyeji ndio waliokuwa wakiliziba pengo hilo. Hawataki gharama kubwa: asubuhi hufunguliwa wakaenda kuchakura, wakala mchwa, majani na wadudu, na jioni tukawaongezea pumba, makombo ya jikoni na machicha ya nazi. Mtetea akishataga mayai yake kumi na kitu huyalalia, na baada ya siku 21 nyumba hujaa sauti za vifaranga. Kuku mmoja hugeuka unga na mafuta ya kupikia. Wawili hugeuka nauli na dawa ya mtoto aliyeamka na homa. Tena kuku ni mali ya mama wa nyumba, aipatayo kwa jasho lake na kuiuza kwa hiari yake bila kumsubiri mtu, na dini yetu imempa haki kamili ya kuimiliki.

Mwaka ule tulikuwa tumejiwekea hesabu. Kuku 20 wangeuzwa siku za mwisho za Ramadhani, ambapo kila jiko lataka kuku wa pilau ya Idi na bei hupanda. Fedha hizo zingekwenda shuleni kwa binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Hesabu ilikuwa safi na tuliipenda. Twakumbuka tulivyokuwa tukipita karibu na banda tukiwahesabu kwa macho, kana kwamba fedha tayari zimo mkononi.

Jogoo mgeni

Mwezi wa Shaaban tulinunua jogoo sokoni. Alikuwa mkubwa, mwekundu, mwenye kishungi kizuri, nasi tulitaka atutengenezee mbegu. Waswahili wana methali nyingine isemayo kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Bibi zetu hawakuisema kwa ajili ya wageni wa kibinadamu pekee. Walikuwa kwa kweli wakimfunga kuku mpya kando, akae peke yake siku kadhaa hadi azoee mahali na wamtambue hali yake. Sisi tulimwachia jioni ile ile, akalala na wenzake.

Kulikuwa na jambo la pili. Kuku wetu walikuwa wamepitisha muda wao wa kuchanjwa. Fedha ya chanjo ilikuwapo, ila ilitokea arusi ya jamaa, nasi tukaitoa kwenye mchango tukiambiana kwamba tutachanja mwezi ujao, inshallah. Leo twajiuliza ni mara ngapi neno hilo tukufu tumelitumia kufungia mlango wa uvivu wetu.

Haikupita wiki, jogoo akaanza kusinzia mchana. Mbawa zilimshuka, akawa anakoroma anapovuta pumzi, na kinyesi chake kikawa cha majimaji, rangi ya kijani. Tukampa maji ya mwarobaini. Tukampa pilipili, kisha tukampa shubiri. Siku ya tatu shingo ilimpinda, na usiku akafa. Alfajiri yake tulikuta mitetea wawili wamelala chali, na kesho yake watano.

Afisa wa mifugo alipofika hakuhitaji kukaa sana. Alisema hicho ni kideri. Alitueleza kwamba ugonjwa huo huletwa na virusi, kwamba hauna dawa ya kuutibu, na kwamba kinga yake ni chanjo kabla haujaingia. Ukiingia kwa kuku wasiochanjwa waweza kulimaliza banda zima. Hubebwa na kuku mgonjwa, na kinyesi, na matenga ya kusafirishia kuku, na hata nyayo na mikono ya watu wanaotoka banda moja kwenda jingine. Kwa sababu hiyo huenea zaidi nyakati za sikukuu, kuku wanapohamishwa kwa wingi kutoka soko hadi soko. Hakutulaumu. Alituuliza swali moja tu: lini mlichanja mara ya mwisho? Tukatazamana.

Mchuuzi na tenga lake

Siku mbili baadaye, wakiwa wamekwisha kufa 20 na wamebaki 26, alikuja mchuuzi wa kuku na pikipiki yake, nyuma amefunga tenga. Alikuwa akikusanya kuku wa Idi kuwapeleka Mombasa. Tukamwambia hatuna kuku wa kuuza, wetu wameingiwa na kideri. Tulidhani angegeuza pikipiki. Badala yake alisogea uzioni, akachungulia.

"Hawa wengine mbona wazima, mama?" akamwambia mama mkwe. "Nipeni wote kwa mia nne mia nne. Mkikaa nao, kesho mtawazika."

Alisema kweli kwa upande mmoja, kwani wengi miongoni mwao walikuwa bado wakila. Kuku 26 kwa shilingi 400 ni shilingi 10,400. Haikuwa bei ya Idi, lakini ingetosha kumrudisha binti yetu shule kwa sehemu kubwa ya karo. Tulinyamaza. Hatuwezi kudai hapa kwamba hatukutamani. Mmoja wetu alikwisha kuingia ndani kutafuta kamba za kuwafunga miguu.

Binti yetu mwenyewe, ambaye karo ilikuwa yake, ndiye aliyeuliza. "Huyo atakayewanunua Mombasa ataambiwa?"

Mchuuzi akacheka. "Mwanangu, sokoni nani anaulizwa?"

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele wa futari. Akasema pasina kuinua sauti, "Basi hatuuzi, mwanangu. Nawe usiliingize tenga lako humu, usije ukawabebea wengine maradhi haya."

Twaijua sote habari ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji uliofichwa chini. Mwenye nafaka alisema ni mvua iliyoinyesha. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka ule uliorowa juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Habari hii tumewasomea watoto mara nyingi. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kwetu kukutana nayo ikiwa na bei juu yake.

Wale watatu walioonekana hawana dalili yoyote tuliwachinja kwa futari yetu wenyewe, tukafukia manyoya na matumbo. Waliobaki waliendelea kufa, na kuku aliyejifia ni mzoga, haliwi wala hauzwi. Tuliwachimbia shimo refu mbali na kisima, tukawatia majivu na chokaa, tukawazika. Hadi kumi la mwisho la Ramadhani linaingia walikuwa wamekufa 39. Wanne walipona, wawili wao shingo zimepinda hadi leo.

Usiku wa kimya

Tutasema pia lililotupata moyoni, maana makala za dini mara nyingine hupita haraka mahali hapa. Kwa miaka mingi, saa za daku nyumbani kwetu zilikuwa na sauti ya jogoo. Usiku ule tuliamka kwa simu. Tukala kimya, nje kimya, hata mtoto mdogo akauliza kwa nini hakukuwiki. Mama wa nyumba akaacha tonge lake sahanini, akasema neno ambalo wengi wetu hulificha: "Mbona sisi, na mwezi wenyewe Ramadhani? Hata kuku hatukuuza kwa hila. Mbona sisi?"

Hakuna aliyemkemea. Baba wa nyumba alisoma istirjaa kwa sauti ya chini, akanyamaza naye. Machozi si ukosefu wa imani. Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Lakini swali lilibaki hapo mkekani, na ilituchukua siku nyingi kuona kwamba lilikuwa na makosa mawili ndani yake.

Kosa la kwanza ni kwamba tulikuwa tukimwuliza Mwenyezi Mungu juu ya jambo ambalo sehemu yake ilikuwa yetu. Ni kweli kwamba hakuna linalotokea ila kwa kadari Yake. Lakini ni kweli vilevile kwamba jogoo hakujifungua mwenyewe kamba ambayo hatukumfunga. Mtume (S.A.W.) amekataza mwenye mifugo wagonjwa kuwachanganya na mifugo wazima wa mwenziwe. Agizo hilo lilitolewa karne nyingi kabla ya watu kuviona virusi kwa vyombo vyao, nasi tulikuwa nalo vitabuni mwetu. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru akimtegemea Mola aliagizwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Sisi tulitegemea bila kufunga, kisha tulipopata hasara tukaiita kadari peke yake. Huko ni kumsingizia Mola uzembe wetu.

Tena hapa pana mtego mwingine. Kukiri uzembe si kuanza kujipiga kifua usiku na mchana tukisema lau tungechanja, lau tusingemnunua jogoo yule. Mtume ametuonya na neno hilo la "lau", kwamba humfungulia shetani mlango wa kazi yake. Tulipata tofauti yake kwa taabu. "Lau" huangalia jana na kumwacha mtu palepale alipo. Toba nayo huiangalia jana mara moja, ikachukua somo lake, ikauliza kesho tutafanya nini.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Tulipouliza mbona sisi, tulikuwa tumeifanya idadi ya kuku kuwa kipimo cha radhi za Mwenyezi Mungu. Wakiwa wengi, Mola ametupenda; wakifa, ametuacha. Katika Surat al-Fajr twaelezwa habari ya mwanadamu wa namna hii, ambaye akineemeshwa husema Mola wake amemtukuza, na akipunguziwa riziki husema amemdhalilisha. Na jibu la aya zinazofuata ni la kukanusha yote mawili. Kupewa ni mtihani na kunyimwa ni mtihani. Banda lililojaa halikuwa cheti, na banda tupu halikuwa hukumu.

Dada zetu, tulipolielewa hili mzigo ulipungua, ijapokuwa karo haikupungua. Kwani hatukulipwa papo hapo kwa kukataa kuuza wagonjwa. Hakuna mgeni aliyebisha hodi na bahasha. Shule ilifunguliwa, binti yetu akabaki nyumbani wiki tatu, hadi mwalimu mkuu alipokubali karo ilipwe kidogo kidogo. Tulilipa kwa fedha ya kusuka makuti, na kwa samaki wachache ambao kusi iliruhusu. Tuliimaliza muhula ukiwa karibu kufungwa. Ikiwa kuna aliyefaidika upesi na maneno ya mama mkwe, ni majirani. Kwa kuwa hatukuuficha ugonjwa, nyumba mbili za jirani ziliwafungia kuku wao na kuwachanja haraka. Moja iliokoka na wake. Nyingine ilichelewa. Hayo nayo ni yaliyo Yake.

Kamba tunayofunga sasa

Bi Maryam (A.S.), alipokuwa katika uchungu wa uzazi, peke yake chini ya mtende, aliamrishwa autikise mti huo zimwangukie tende mbivu. Kila mama aliyewahi kuzaa ajua mkono wa mwanamke katika saa ile una nguvu gani ya kutikisa mtende. Aliyeziangusha tende ni Mola. Hata hivyo mkono ulitakiwa unyooke. Nasi tumejaribu kuinyoosha mikono yetu kama ifuatavyo.

Kwanza, tuliliacha banda tupu zaidi ya mwezi. Tuliwahamishia wale wanne kwenye kizimba cha mbali, tukachoma matandiko ya zamani, tukafagia, tukapaka chokaa, na kuliacha jua liingie.

Pili, chanjo ya kideri sasa ni miadi isiyovunjwa, kila baada ya miezi mitatu. Ni tone moja katika jicho moja la kila kuku aliye mzima. Kichupa kimoja huwa na dozi nyingi, mara nyingi 100, na kikishafunguliwa hakiwekwi hadi kesho. Kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu tumeafikiana siku moja. Fedha huchangwa kidogo kidogo, mmoja hwenda kukinunua katika duka la dawa za mifugo na kukileta ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na kabla ya jua kuwa kali nyumba zote zimemaliza. Kuku hukamatwa kirahisi alfajiri, kabla hawajafunguliwa. Gharama kwa kila kuku ni ndogo mno ukiilinganisha na kaburi lake.

Tatu, kuku mgeni hufungwa kando wiki mbili, awe wa kununuliwa, wa zawadi, au aliyerudi sokoni bila kununuliwa. Wachuuzi tunawaletea kuku nje ya ua, tenga haliingii.

Nne, vifaranga hawaachwi huru wiki za kwanza. Hulala na mama yao ndani ya tenga lililofunikwa wavu, wakapewa maji safi na chakula laini, kwani hapa kwetu mwewe si adui pekee. Kunguru wenye shingo ya kijivu waliojaa pwani yetu hunyakua kifaranga mbele ya macho yako, na nguchiro na kicheche hungoja giza.

Tano, maradhi yakiingia, twasema. Twawaambia majirani siku ile ile, kabla ya aibu haijatuziba midomo.

Na hasara bado zipo. Jirani yetu aliyeokoka alitupa mtetea mmoja tumfuge kwa makubaliano ya kugawana watoto. Aliangua vifaranga 11. Tuliwalinda kama tulivyoeleza, na bado siku moja mtoto alisahau kuufunga wavu, kunguru wakabeba watatu. Safari hii hakuna aliyeuliza mbona sisi. Mtoto aliambiwa kwa upole ajifunze kufunga, mama wa nyumba akasema alhamdulillah kwa wanane, tukaendelea na kazi zetu.

Leo banda lina kuku 31 na jogoo mmoja ambaye huwika kabla ya adhana. Kesho huenda wakawa 50, huenda wakawa watano. Mtume ametupigia mfano wa ndege, watokao asubuhi na njaa wakarejea jioni wameshiba, na wanavyuoni wametuzindua kwamba ndege hao walitoka; hawakungoja viotani. Kila asubuhi tunapoondoa kizuizi cha mlango na kuku wakatoka mbio kwenda kuchakura, twaukumbuka mfano huo. Jioni twawahesabu, twafunga mlango, twalikaza fundo la kamba. Kisha twasoma dua zetu na kulala.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape subira na badali iliyo bora wote waliopotelewa na mali yao kwa njia ya halali, atujaalie uaminifu katika biashara zetu, na asiufanye ulimwengu kuwa kipimo cha radhi Zake mioyoni mwetu. Amin.